Anayejifunza Kufuma na Aanze na Soksi

Kama unaishi Njombe, Makete au mahali pengine penye baridi, sina haja ya kukueleza baridi ni nini. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi nyingine umande huganda juu ya nyasi, na majani ya viazi huungua kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Katika baridi hiyo mtu huvaa kofia. Huvaa koti. Mama hujifunga blanketi mgongoni. Miguu je? Miguu huachwa ndani ya ndala, ikapasuka visigino, na usiku haipati joto hata ukijifunika blanketi mbili.

Leo nataka kubishana nawe juu ya jambo dogo. Mtu anayejifunza kufuma kwa mara ya kwanza aanze na nini? Watu wengi husema aanze na shali, kwa sababu shali imenyooka tu. Wengine husema aanze na sweta la mtoto, kwa sababu sweta ndilo linalotakiwa. Mimi nasema aanze na soksi. Najua utanipinga. Mimi mwenyewe nilipinga nilipoambiwa.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika jambo hili. Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha ualimu, na kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo vijijini. Katika kijiji kimoja wanakisomo walipomaliza kujifunza kusoma na kuandika hawakutaka kutawanyika. Waliamua wenyewe kufundishana kufuma. Wengi walikuwa akina mama. Wakatafuta sindano. Waliokosa sindano za dukani wakachukua spoku za baiskeli, wakazikata na kuzisugua juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini. Wakaulizana waanze na nini. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akasema, "Anzeni na soksi."

Akachekwa. Nami nilicheka. Nikasema mbele ya watu wote kuwa soksi ina kisigino, na kisigino ni kazi ya fundi, si ya mtu anayeanza. Nilisema hivyo nami sijapata kushika sindano ya kufumia maishani mwangu.

Bibi yule hakujibizana nami. Alichukua spoku nne na donge la uzi, akanipa mkononi, akasema, "Basi mwalimu, kaa hapa. Leo wewe ndiye mwanafunzi."

Nilikaa kwa aibu. Lakini nilipoendelea kukaa wiki baada ya wiki niliona kuwa bibi alikuwa na haki, na mimi sikuwa nayo. Sababu zake ni hizi.

Kwanza ni uzi. Jozi moja ya soksi za mtu mzima huhitaji karibu gramu 100 za uzi. Sweta la mtu mzima huhitaji mara nne ya hizo, au zaidi. Sasa fikiri wewe unayeanza. Utaharibu tu, hilo usilitilie shaka. Je, ni afadhali uharibu kitu cha gramu 100 au cha gramu 400? Mtu akianza na sweta na likamshinda, donge kubwa la uzi wa fedha nyingi hubaki ndani ya mfuko chini ya kitanda, panya wakalilalia. Nimeyaona masweta ya namna hiyo. Yana mgongo mmoja tu, hayana kifua wala mikono.

Pili, soksi ni ndogo. Unaweza kwenda nayo mnadani, ukaifuma unapongoja gari au unapongoja zamu kliniki. Haikulemei mapajani.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Shali haikufundishi kitu. Ukianza shali utafuma mstari huu kama mstari ule, mpaka mkono ufanye peke yake na akili ilale. Ukimaliza meta moja na nusu umejifunza kile kile ulichojifunza katika sentimeta 10 za kwanza. Soksi hairuhusu akili ilale. Mdomoni unafuma hivi. Kwenye mguu unafuma vile. Kisiginoni unageuka. Kwenye unyayo unapunguza, na kwenye vidole unafunga. Kila unapoanza kuchoka, kitu kipya kinatokea. Mtu aliyemaliza jozi moja ya soksi anaweza kufuma kofia, glavu na sweta, kwa sababu kazi zote hizo zimo ndani ya soksi ile ndogo.

Sasa tuseme juu ya kisigino, maana hicho ndicho kinachowatisha watu. Nitakieleza kama nilivyoelezwa. Ukisoma mara ya kwanza huenda usielewe. Soma tena huku umeshika sindano mkononi. Maneno haya ni ya mkono zaidi kuliko ya macho.

Kuna namna mbili tu za kufuma kitanzi. Ukiweka uzi nyuma ya sindano na kuuvuta utokee mbele, unapata kitanzi laini. Ukiweka uzi mbele na kuusukuma nyuma, unapata kitanzi chenye kifundo. Hakuna namna ya tatu. Kazi yote ya kufuma duniani, hata iwe na maua ya namna gani, inatoka katika hivyo viwili, kama vile maneno yote unayosoma yanavyotoka katika herufi chache.

Kabla ya kuanza soksi, fuma kitambaa kidogo cha majaribio. Weka rula juu yake, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimeta 5. Tuseme ni 12. Kisha chukua kamba, zungusha mguu wako mahali papana karibu na vidole, pima. Tuseme ni sentimeta 22. Soksi inatakiwa iwe nyembamba kuliko mguu kwa sentimeta kama 2, ili ikumbatie. Kwa hiyo tunataka sentimeta 20. Katika 20 zimo 5 ngapi? Ni 4. Basi 4 mara 12 ni 48. Anza na vitanzi 48.

Umeona? Umefanya kugawanya na kuzidisha, na hukuona uchungu. Wanakisomo wetu waliokuwa wakilalamika juu ya hesabu ubaoni walifanya hii bila kulalamika, kwa sababu jibu lake linavaliwa mguuni. Uzi wako ukiwa mnene zaidi, au sindano zako nene zaidi, hesabu yako itakuwa nyingine. Usiibe hesabu ya jirani. Pima mwenyewe. Ila jibu likiwa haligawanyiki kwa 4, lisogeze kidogo mpaka ligawanyike.

Gawa vitanzi 48 juu ya sindano tatu, 16 kila moja. Sindano ya nne ni ya kufumia. Utafuma mduara, kama bomba. Mdomoni fuma laini viwili, vifundo viwili, hivyo hivyo kuzunguka, mpaka upate sentimeta 5. Mpango huo unavutika kama mpira, ndio unaozuia soksi isiteremke. Baada ya hapo fuma vitanzi laini vitupu mpaka ufike juu ya kisigino.

Hapa ndipo mtu hutupa sindano. Usitupe. Chukua nusu ya vitanzi, yaani 24, uvifume kwenda na kurudi mistari 24, kama kitambaa kidogo cha mraba. Ile nusu nyingine iache ipumzike. Kitambaa hicho ni nyuma ya kisigino chako. Kila mwanzo wa mstari hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Ukitaka kisigino kigumu kisichotoboka upesi, upande wa nje fuma kimoja, hamisha kimoja, mpaka mwisho wa mstari. Kitakuwa kinene mara mbili.

Sasa ni kugeuka. Fuma vitanzi 14, unganisha viwili viwe kimoja, fuma kimoja zaidi. Simama. Usimalize mstari. Vimebaki 7, viache. Geuza kazi. Hamisha kimoja, fuma 5 vya kifundo, unganisha viwili, fuma kimoja, simama tena. Vimebaki 7 upande huu pia. Geuza. Toka hapo utaona pengo dogo mahali uliposimama mara ya kwanza. Kila mstari nenda mpaka kwenye pengo, unganisha kitanzi cha kabla ya pengo na cha baada ya pengo, fuma kimoja, geuza. Mwishoni kabisa kutabaki kimoja tu cha kuunganisha kila upande, na hakuna cha kuongeza. Vitanzi vikiisha pembeni hesabu vilivyobaki katikati. Vitakuwa 14. Angalia kazi yako. Imejikunja yenyewe kama kikombe.

Nakuambia kweli, siku ile nilipoona kile kikombe nilinyamaza. Nilikuwa nimefuma bila kuelewa, nikifuata sauti ya bibi tu, na mara kisigino kikatokea mikononi mwangu. Nilimwonyesha mke wangu usiku, nikamwonyesha na jirani ambaye hakuniuliza.

Yanayofuata ni mepesi. Kwenye kingo mbili za kile kitambaa okota vitanzi 12 kila upande. Sasa unavyo 14, na 12, na 12, na vile 24 vilivyokuwa vimepumzika. Jumla 62. Lakini mguu unataka 48, vimezidi 14. Basi fuma mduara, na kila mzunguko wa pili punguza viwili, kimoja kila upande wa unyayo. Baada ya kupunguza mara 7 umerudi kwenye 48. Endelea mpaka zibaki kama sentimeta 5 kufika ncha ya kidole gumba. Hapo punguza vinne kila mzunguko wa pili, mara 6, upate 24. Kisha punguza vinne kila mzunguko mpaka vibaki 8. Kata uzi, upitishe ndani ya vile 8 kwa sindano ya kushonea, vuta, funga kwa ndani.

Nimeandika hatua hizi kwa urefu, ingawa makala hii ni ya maoni, kwa sababu nataka uone kuwa hakuna siri. Watu huogopa kisigino kwa kuwa hawajakiona kikihesabiwa.

Sasa nikueleze jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Soksi yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilivuta uzi kwa nguvu kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, hata sindano haikupenya. Bibi akaniambia nilegeze. Nikalegeza mno. Ukitazama soksi ile, juu ni nyembamba kama mkono wa mtoto, chini ni pana kama mfuko. Katikati kuna tundu ambapo kitanzi kiliniponyoka na kushuka mistari saba. Mama mmoja kijana aliiinua mbele ya darasa akasema, "Hii ni soksi ya kuku?" Watu wakacheka sana. Nami nilicheka kwa mdomo, lakini masikio yalikuwa ya moto. Nikafikiri: Jumanne ijayo nitasema nina kikao mjini. Sitakuja.

Wazo hilo lilinikumbusha mtu.

Mwaka uliopita, katika darasa hilo hilo, kulikuwa na mzee mmoja. Alikuwa akijifunza kwa bidii, akitembea mwendo wa saa nzima kuja darasani. Siku moja nilimwita ubaoni aandike neno "kiatu". Akaandika herufi, akakosea, akafuta kwa kiganja, akaandika tena akakosea pale pale. Mimi nilikuwa na haraka. Nilimnyang'anya chaki, nikaandika mwenyewe, nikasema hata mtoto wa darasa la kwanza anajua neno hili. Wengine wakacheka. Mzee aliketi. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Kwenye daftari la mahudhurio niliandika neno moja mbele ya jina lake: mtoro.

Nilikuwa nimeliandika neno hilo bila kusita. Sasa nilikuwa nimekaa na soksi ya kuku mapajani, nikipanga kutoroka.

Bibi alisubiri kicheko kiishe. Hakuninyang'anya sindano. Hakuchukua kazi yangu airekebishe yeye, ingawa angeweza kuimaliza kabla ya chai kuchemka. Alinisogelea akaniuliza, "Mwanangu, hapa unaona nini?" Nikatazama. Nikasema naona tundu. "Limeanzia wapi?" Nikafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka nikafika mahali lilipoanzia. Akasema, "Basi fumua mpaka hapo. Usipite hapo."

Ndugu msomaji, lugha yetu imeyaweka maneno haya mawili karibu: kufuma na kufumua. Anayejua la kwanza tu hajui kazi. Kufumua nako kuna ustadi wake. Unachomoa sindano, unavuta uzi taratibu, unausimamisha kabla ya kosa, unaviokota vitanzi kimoja kimoja bila kuvipinda. Hakuna kinachopotea isipokuwa muda. Uzi ni ule ule. Mti uliokatwa vibaya haurudi kuwa mti, na nguo iliyopasuliwa vibaya hairudi kuwa kitambaa kizima. Uzi hurudi. Hii ni sababu nyingine ya kumwambia anayeanza aingie katika kufuma bila woga.

Nawaomba walimu wenzangu wa kisomo wanaosoma ukurasa huu pamoja na wanafunzi wao wajifunze kitu wasichokijua, wafundishwe na mwanakisomo wao mwenyewe. Si lazima kiwe kufuma. Kinaweza kuwa kusuka mkeka, kufinyanga chungu au kukamua ng'ombe. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tokea wakati huo tumesema mara nyingi kuwa katika elimu ya watu wazima mwalimu na mwanafunzi hufundishana. Nilijibu swali hilo vizuri katika mtihani wa cheti. Maana yake sikuijua mpaka masikio yangu yalipopata moto.

Nirudi kwenye soksi. Yako mabishano mawili ambayo ni lazima niyajibu.

La kwanza ni hili: soksi za mtumba zimejaa mnadani, na za dukani pia, tena kwa bei ndogo. Kwa nini mtu apoteze majuma mawili? Swali hili ni la haki. Sitakudanganya kuwa utatajirika kwa soksi. Mashine ya kufuma soksi si jambo la jana. Mwingereza mmoja, William Lee, aliibuni mwaka 1589, na mkono wa mtu haujapata kushindana na mashine kwa bei tangu hapo. Ukihesabu saa zako na kuzitoza fedha, soksi ya mkono itakuwa ghali kuliko kiatu. Anayekuambia ufume soksi uuze upate mtaji, muulize yeye ameuza ngapi.

Lakini soksi nyingi za bei ndogo ni za nailoni au pamba nyepesi. Zikilowa umande wa asubuhi zinakuwa baridi kuliko mguu mtupu. Uzi wa sufu ya kondoo ni kitu kingine. Sufu huweza kunyonya unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake kabla hujausikia mguuni, na hata ikilowa bado hutunza joto. Kwa hiyo ukipata uzi wa sufu halisi, uutumie kwa soksi kabla ya kitu kingine. Uzi wa kiwandani ulio rahisi unafaa kujifunzia. Na soksi uliyofuma mwenyewe ikitoboka kisigino huitupi. Unafumua kisigino, unafuma kingine. Ile ya dukani ikitoboka umeachwa na tundu. Tena saa ninazozisema hapa ni zile ambazo mtu anakaa jikoni jioni akiota moto na kuzungumza. Mikono ilikuwa imelala tu.

La pili ni la wanaume. Wameniambia waziwazi: kufuma ni kazi ya wanawake. Mmoja aliniuliza kama nimekosa kazi ofisini. Mimi naona jambo hili ni mazoea tu. Katika nchi ya Peru kuna kisiwa kiitwacho Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca, mahali palipo juu karibu meta 3,800, pana baridi kuliko Kitulo. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano. Mvulana hujifunza tangu utotoni. Kwa hiyo ni kazi ya nani? Hapa kwetu mwanamume hushona suruali kwa cherehani sokoni mbele ya watu wote, na hakuna anayemcheka. Sindano ni sindano.

Wako pia wanaosema soksi ni mambo ya Wazungu. Neno "soksi" ndilo tulilolipata kwa Waingereza, si kitu chenyewe. Soksi za sufu za zamani sana zimeokotwa Misri, hapa hapa Afrika. Ziko London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Zimekaa zaidi ya miaka 1,500. Zilitengenezwa kwa sindano moja, si nne, na kidole gumba kimetengwa na vingine ili mtu aweze kuzivaa pamoja na kandambili. Nilipowaeleza wanakisomo habari hiyo walifurahi. Mama wa soksi ya kuku akasema basi afume za namna hiyo, maana viatu hana, ndala anazo. Bado anajaribu.

Nina neno moja zaidi la kazi. Adui wa anayeanza si kisigino. Ni soksi ya pili. Ukimaliza ya kwanza utafurahi, utaionyesha, utaiweka, na hamu itakwisha. Jumba zima la kijiji limejaa soksi mojamoja. Tena ya pili ikifumwa baada ya miezi miwili hukumbuki ya kwanza uliifanyaje, ikatoka ndefu au fupi. Bibi yule alifuma kwa miaka mingi kwa kuhamisha punje za mahindi toka sahani moja kwenda nyingine, punje moja kila mstari. Mjukuu au kuku akipita, hesabu imekwisha. Soksi zake zilikuwa nzuri, lakini aliniambia mwenyewe kuwa hazikuwa pacha, zilikuwa ndugu tu.

Sasa anaandika. Ana daftari la kurasa 48 ambalo nusu ni la kisomo na nusu ni la kufuma. Nimeliona. Juu ya ukurasa ameandika jina la mwenye mguu. Chini yake: 48. Mdomo 20. Kisigino 24. Okota 12, 12. Punguza 7. Ni namba na maneno machache tu, herufi nyingine zimelala upande. Lakini kwa ukurasa huo anaweza kufuma jozi ile ile leo, na mwaka kesho, na hata akiazima daftari kwa mwingine jozi itatoka ile ile. Kama mtu anakuuliza kisomo kimekusaidia nini, mwonyeshe ukurasa wa namna hiyo.

Kwa hiyo andika. Tena jioni ile ile unapomaliza soksi ya kwanza, kabla hujalala, anzisha vitanzi vya ya pili, hata mzunguko mmoja. Kazi iliyoanzishwa inakuita. Isiyoanzishwa hainyanyuki.

Ile soksi ya kuku ninayo bado. Niliiweka mfukoni siku nilipokwenda nyumbani kwa yule mzee. Sikujua nianzeje, kwa hiyo baada ya salamu niliitoa nikampa. Nikamweleza ilivyokuwa, nikamweleza walivyonicheka. Nikasema, "Mzee, siku ile ya chaki nilikukosea." Aliigeuzageuza soksi, akaingiza kidole kwenye tundu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama ninaweza kufuma inayovalika. Nikasema najaribu. Akanyoosha mguu wake, akasema nipime.

Nilimwuliza juu ya darasa. Akasema, "Soksi nitapokea. Habari ya darasa nitafikiri."

Nimelifuta lile neno katika daftari la mahudhurio. Mguu wake ni sentimeta 24, vitanzi 52. Ya kwanza imekwisha, ya pili nimefika kisiginoni.